Jibu la Gachau

Samansi ilimfikia Gachau ikiwa imefungwa ndani ya sweta ya mtoto wa shule, na aliyempa ni mkewe.

Ilikuwa Januari, shule zikifunguliwa, na duka la Wamboi pale Ruiru lilikuwa limejaa wazazi tangu asubuhi. Wamboi alikuwa na mashine mbili za kufuma na sifa ya kutokosea saizi. Alimtazama mtoto mara moja tu akajua mabega yatakuwa yamefika wapi mwaka ukiisha. Wateja walimwita Mama Sweta. Wanawake wa rika lake walikuwa Mama Maxine na Mama Becky, lakini Wamboi hakuwa na mtoto, basi watu wakamzalisha sweta ili wapate namna ya kumwita bila kumtonesha kidonda.

Gachau aliegesha lori lake la maji kando ya barabara, akaingia akiitisha chai kwa sauti kubwa kama kawaida yake. Alikuwa ametoka Mugutha kujaza matangi ya wapangaji, na shati lilikuwa limelowa mgongoni. Wamboi alingoja mteja wa mwisho atoke, akafunga nusu ya mlango, akachukua sweta ya kijani kwenye rafu na kumkabidhi.

"Ya nani hii?" Gachau akauliza.

"Fungua kwanza."

Ndani yake mlikuwa na karatasi zenye mhuri wa korti ya watoto, Thika. Aliyeshtaki alikuwa Lynn, na Gachau hakuhitaji kusoma jina lake la pili. Aliyeshtakiwa alikuwa yeye. Mtoto alikuwa mvulana wa miaka mitano anayeitwa Gathogo. Korti ilimtaka aandike jibu: anakubali kwamba yeye ndiye baba mzazi au anakana, na kwa nini asiamriwe kumtunza mtoto. Akinyamaza, kesi itaendelea bila yeye.

"Mtu wa korti aliingia hapa nikadhani anataka sweta," Wamboi alisema. "Akaniuliza kama mimi ni bibi ya Gachau. Nikamwambia ndiyo. Nikampatia hata kiti."

Gachau ni mtu aliyekuwa na maneno ya kumpa askari wa barabarani, maneno ya kumpa mteja aliyengoja maji siku mbili, na sasa hakuwa na hata moja.

"Gathogo," Wamboi akasema. "Si huyo msichana angemwita mtoto jina la baba yake? Si angemwita hata Brayo? Gathogo!"

Hapo ndipo palipochoma, na mtu yeyote wa kwao angejua kwa nini. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, na hivyo ndivyo mzee anavyorudi nyumbani hata kama amelala kaburini. Msichana akizalia kwao bila mume, mtoto huchukua majina ya upande wa mama na mambo yakaishia hapo. Kumpa mtoto wa namna hiyo jina la baba yake Gachau ni kusimama katikati ya soko na kutangaza mwenye mtoto. Tena jina la mzee wa watu haliokotwi njiani. Lazima kuna aliyelitoa.

"Ni wewe ulimpatia?"

"Aliniuliza tu baba yangu alikuwa anaitwa nani."

Lilikuwa jibu la kijinga, na Wamboi alilipuuza.

"Story ya kulala nje nitakuuliza siku yangu, na utanijibu," alisema. Sauti yake haikupanda. "Leo nataka kitu kimoja. Uende ujibu hiyo kesi, uitishe DNA. Ikisema mtoto ni wako, basi nimejua shida ni mimi, nitawacha kusumbua Mungu. Ikisema si wako, mimi siendi ile operesheni niliyopangiwa. Tunaenda hospitali sisi wawili, tunapimwa upya, na daktari atasoma majibu yako nikiwa nimekaa hapo."

Akairudisha sweta kwenye rafu, akaketi kwenye mashine, akaanza kufuma mkono wa sweta nyingine. Gachau alitoka bila chai.

Sasa lisemwe mapema, kwa kuwa Gachau mwenyewe hakuwahi kulisema. Mtoto yule hakuwa wake. Hakukuwa na mtoto yeyote duniani ambaye angeweza kuwa wake, naye alilijua hilo tangu mwaka wa tatu wa ndoa yao.

Walikuwa wameenda kliniki moja mjini Thika, yeye na Wamboi, wakatoa kila mtu chake cha kupimwa. Siku ya majibu daktari alimwita yeye kwanza. Akamuuliza kama aliwahi kuugua matubwitubwi akiwa kijana. Gachau alicheka, akasema ndiyo, alikuwa kidato cha tatu, mashavu yalivimba mpaka wenzake wakamwita Boflo, yaani mkate. Daktari hakucheka. Akamwambia kwamba ugonjwa ule ulishuka chini, na kwamba mbegu zake si chache wala si dhaifu, ila hazipo kabisa. Si kosa lake, daktari akasema. Amlete mkewe ndani awaeleze wote wawili pamoja, kuna njia nyingine za kupata mtoto.

Gachau alitoka kumwita. Wamboi alikuwa nje ya lango la kliniki, amenunua mahindi mawili ya kuchoma, moja lake na moja la mumewe.

"Amesema aje?" akauliza.

"Amesema mimi niko sawa."

Hakuwa amepanga. Maneno yalitoka yenyewe. Angeweza kuyarudisha palepale, akamshika mkono na kumwingiza ndani, na labda wangelia pamoja siku mbili tatu wakaendelea na maisha. Lakini Wamboi aliinamisha kichwa, kisha akampa hindi lake, lile kubwa, na hakutaka tena kuingia kwa daktari. Wakarudi nyumbani. Kutoka siku hiyo uongo ukawa na kwao.

Wamboi alikunywa dawa za miti shamba zilizomtapisha. Aliwekewa mikono na wahubiri wa kila aina. Alifanyiwa upasuaji wa kuzibua mirija akabaki na kovu, na sasa alikuwa amepangiwa mwingine. Kila daktari mpya alipouliza habari za mume, Wamboi mwenyewe ndiye aliyejibu, tena kwa fahari kidogo: mume wangu alipimwa, yeye yuko sawa. Gachau alikuwa akiketi pembeni akiangalia kofia yake mkononi. Kumwita mwoga ni kumpunguzia. Mwoga hukimbia akaenda zake, lakini huyu alibaki, akamwangalia mke wake akikatwa tumbo.

Kisha akaja Lynn. Alikuwa akihudumu katika hoteli ya nyama choma Makongeni, ambako Gachau alipeleka maji. Msichana mchangamfu, aliyecheka hadithi zake hata zilizochacha. Siku alipomwambia ana mimba, Lynn alikuwa akingoja kutukanwa. Mwanamume mwingine angeruka na kukana. Gachau, ambaye peke yake alikuwa na hakika kwamba mimba ile si yake, alifurahi. Alifurahi mpaka macho yakamtoka machozi. Na Lynn alipomuuliza jina la baba yake, alilitaja upesi, herufi kwa herufi, asije akalikosea kwenye cheti.

Kwa miaka kadhaa alituma matumizi bila kukosa. Halafu injini ya lori ikafa, pesa zikaadimika, Wamboi akaanza kuuliza maswali, naye Gachau akaacha kushika simu za Lynn. Alidhani mambo yatapoa yenyewe.

Wakili aliyempata aliitwa Bedan. Ofisi yake ilikuwa Thika mjini, juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kupe ilipanda ngazi pamoja na wateja. Bedan alisoma samansi akitafuna njugu.

"Kesi ya kawaida," akasema. "Jibu liko la aina mbili tu, boss. Ni wako au si wako."

"Nikikuambia kitu, kinabaki hapa?"

"Kikitoka hapa, mimi ndiye nitanyang'anywa leseni."

Gachau akamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa mdomo, na lilikuwa jambo fupi kuliko alivyodhani. Bedan aliacha kutafuna.

"Wacha!" akasema. "Lakini si hiyo inamaanisha umeshinda? Tunakana, tunaitisha DNA, inarudi inasema si wewe, file inafungwa. Hakuna mtu atakuuliza kwa nini."

"Mke wangu ataniuliza." Akamweleza masharti ya Wamboi.

Bedan alizisukuma njugu kando. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini mzaha ulikuwa umemtoka.

"Hiyo korti ingine siwezi kukusaidia," alisema. "Lakini nikuambie, ungemwambia leo kabla maabara haijamwambia. Na kitu kingine. Venye umeniambia ukweli, siwezi kuandika kwamba mtoto ni wako. Ukitaka kukubali, utasimama useme na mdomo wako, na mimi nitakaa chini."

Wakaandika jibu la kukana na kuomba kipimo cha DNA. Gachau akatia sahihi. Alipomwonyesha Wamboi nakala yake, Wamboi aliisoma mara mbili, akaenda jikoni, akamtengenezea chai. Alimwekea sukari mwenyewe na kukoroga, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu samansi ije. Kuna kitu kilikuwa kimeamka usoni mwake. Gachau alikitambua, kwa sababu alikuwa ndiye aliyekizima. Lilikuwa tumaini.

Angesema hapo. Kikombe kilikuwa mkononi, redio imezimwa, majirani hawapo. Alimeza chai, akasema ni tamu.

Siku chache baadaye mama yake akampigia simu, akamwambia afike Ngoliba bila kukosa. Bi Warigia hakuwa mtu wa kuuliza kama una nafasi. Alikuwa amezaa mtoto mmoja tu, huyu Gachau, akafiwa na mume mapema, akalima ndengu katika ardhi ile kavu mpaka akamsomesha. Gachau alienda na lori, akampelekea maji kama kawaida.

Akamkuta uani amekaa kwenye gunia, anapepeta ndengu. Kando yake alikuwa mvulana anayeokota zilizoruka, akizirudisha moja moja kwenye ungo.

"Salimia baba yako," Bi Warigia akamwambia mtoto.

Gachau alisimama. Alikuwa amemwona mtoto yule mara nyingi akiwa mdogo, lakini hakuwa amemwona akitembea kwenye uwanja ambamo yeye mwenyewe alitambaa.

"Maitu, huyu ameletwa na nani?"

"Na mama yake. Nani mwingine? Alikuja hapa kabla ya Krismasi, akaniambia hushiki simu. Mimi ndiye nilimwambia aende korti. Nyinyi vijana wa siku hizi mzazi hamumsikii, lakini korti mnasikia." Akapepeta ungo, maganda yakaruka. "Sasa nasikia umeandika eti si wako."

"Ni wakili aliandika."

"Wakili ndiye alimlala huyo msichana?" Akamvuta mtoto akamkalisha pajani. "Angalia hii masikio. Angalia hii paji. Mume wangu amerudi, wewe unamwambia hakuna nafasi?"

Ndivyo bibi za huko wanavyowaita wajukuu waliobeba majina ya waume zao, mume wangu, na mtoto huwa anaona haya. Huyu hakuona haya. Alimtazama Gachau, akasema:

"Wewe ni yule baba wa maji."

"Ndiyo."

"Honi yako bado inalia vile?"

Gachau akamwinua, akampandisha kwenye kiti cha dereva. Mtoto akaikandamiza honi kwa mikono miwili, kuku wakatawanyika uani, na Bi Warigia akacheka mpaka akashika mbavu. Gachau hakukumbuka mara ya mwisho kumsikia mama yake akicheka. Alisimama hapo chini akiwa ameushika mguu wa mtoto asianguke, na moyo ukamwuma kwa utamu. Alimpenda. Hilo nalo lisemwe, lisije likafichwa.

Alipokuwa akifungua bomba kujaza tangi, mama yake alimfuata.

"Na yule wako, sasa amenyamaza?"

"Wamboi amefanya nini?"

"Ananiangaliaga kama mimi ndiye nilizaa kitu mbaya. Kila akitoka hospitali, ananiangalia. Sasa ataangalia wapi?"

"Maitu."

"Hee?"

Bi Warigia alikuwa amezeeka, mkono mmoja kiunoni, macho yakimwangalia mwanawe kwa upendo na ubishi uleule wa siku zote. Maji yalikuwa yakipiga kelele tangini.

"Hakuna kitu," Gachau akasema.

"Basi sikiza. Ukisimama mbele ya watu ukane huyu mtoto, utakuwa umemzika baba yako mara ya pili. Na mimi usinizike."

Siku ya kesi Wamboi alivaa koti lake la kanisani. Hakuna aliyemwambia aende. Walisafiri pamoja kwenye lori mpaka Thika bila kuongea mengi, isipokuwa walipopita mahali ambapo kliniki ile ilikuwa zamani. Siku hizi wanauza simu. Wamboi alilitazama lile duka, akasema, "Hapa ndipo tulianza." Gachau akabadilisha gia.

Kortini watu walikuwa wamejaa kwenye kumbi. Kina mama walikuwa na watoto migongoni, na wanaume walisimama mbali nao wakijifanya kusoma simu. Wamboi alipata nafasi ndani, akaketi benchi la nyuma. Gachau alibaki nje akimngoja Bedan, na Lynn akamjia. Alikuwa amekonda. Alikuwa amevaa sare ya duka fulani la jumla chini ya jaketi, inaelekea aliomba ruhusa ya saa chache.

"Sasa," akasema.

"Poa."

"Mimi sikuwa nataka hii story ya korti. Ungeshika tu simu." Akatazama huku na huku. "Lakini nimesomewa jibu lako, na sitaki kukudanganya. Kulikuwa na mtu mwingine, Kyengo, dereva wa lori ya mawe. Alienda Mombasa hata kabla nijue niko na mimba. Nilihesabu siku nikaona ni kama ni wewe. Halafu vile ulifurahi, nikajiambia basi imeisha. Mtu hawezi furahia hivyo mtoto ambaye si wake."

Gachau alizungusha funguo za lori mkononi.

"So tupimwe tu," Lynn akasema. "Sitakasirika. Nikijua si wewe, nitamtafuta huyo mwingine, na Cucu wa Ngoliba, mama yako, nitamwambia mimi mwenyewe, nimpigie magoti. Wacha tu ukweli ujulikane, nimechoka."

Mlango wote ulikuwa wazi sasa. Mshtaki mwenyewe ndiye aliyeufungua, akasimama kando ampishe apite. Gachau alimtazama msichana huyu ambaye hakuwa na chochote mjini humu ila kazi ya kusimama kutwa, akaona kwamba ana ujasiri ambao yeye hakuwahi kuwa nao. Karani akawaita ndani.

Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Alifungua faili, akasoma.

"Bwana Gachau, jibu lako linakana kwamba wewe ni baba wa mtoto na linaomba kipimo cha DNA. Mlalamishi hapingi. Basi nitoe amri mpimwe?"

"Ndiyo, mheshimiwa," Bedan akasema.

"Hapana," Gachau akasema.

Hakimu aliinua macho. Gachau alikuwa amesimama, mikono imeshika ubao uliokuwa mbele yake. Hakutazama nyuma. Alijua bila kugeuka mahali Wamboi alipoketi, benchi la mwisho, upande wa dirisha.

"Hapana nini?"

"Sitaki kipimo. Mtoto ni wangu."

Bedan alimgeukia. Kisha akakaa chini.

"Bwana Gachau, umesaini jibu linalosema kinyume," hakimu akasema. "Kuna mtu amekutisha?"

"Hapana. Nilikuwa na hasira. Mtoto ni wangu, ana jina la baba yangu. Nitamtunza."

"Unaelewa kwamba ukikubali hapa, ni mpaka awe mtu mzima? Hutarudi kesho kuniambia umebadilisha mawazo."

"Naelewa."

Kalamu ya hakimu ikaandika. Lynn alikuwa amefunika uso kwa mikono, analia, labda kwa kupata nafuu, labda kwa sababu nyingine. Mambo ya chakula, karo na hospitali yalipangwa haraka, na kila alichoulizwa Gachau alikubali. Alikuwa mtulivu. Hata alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua gunia, bila kujali amelitua mgongoni mwa nani.

Alipotoka nje, mama yake alikuwa tayari akipiga simu. Alishika.

"Nimesema ni wangu, maitu."

Bi Warigia alipiga vigelegele, vitano, kama vinavyopigwa mtoto wa kiume akizaliwa, na simu ile ya zamani ilikuwa na sauti kubwa. Gachau aliibana sikioni, lakini alipogeuka Wamboi alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Alikuwa amevisikia vyote.

Akakata simu. Alijitayarisha kwa matusi, hata kwa kofi, na kwa kweli angelikaribisha kofi. Wamboi alikuja akasimama mbele yake, karibu na gurudumu la lori. Hakuwa akilia. Lile tumaini lililoamka siku ya chai lilikuwa limekwisha usoni mwake, na alionekana mtu mzima sana.

"Nataka kukuambia kitu kabla niogope," akasema.

"Sema."

"Miaka hii yote nilikuwa nasema kwa roho, labda ni Gachau. Nikiwa kanisani, nasema labda ni yeye. Nikiwa kwa kitanda cha operesheni, nikasema labda daktari alikosea, labda ni yeye, na mimi nakatwa bure. Nilikuwa nakuombea mabaya. Hata leo asubuhi nimepiga magoti nikaomba hiyo DNA ikukatae, ndio mimi nipone." Alinyoosha kola ya koti lake, ingawa ilikuwa imenyooka. "Na wewe ulikuwa unaniambia ukweli tu. Tangu siku ile ya mahindi. Yale mengine yako na Lynn yana siku yake. Lakini hii ya kukudhania vibaya, nisamehe."

Hata wakati ule haikuwa imechelewa. Bedan alikuwa bado pale langoni, mkoba kwapani, akiwatazama kwa mbali. Hakimu alikuwa hajaondoka kitini. Maneno yenyewe yalikuwa machache, hayazidi yale aliyoyasema siku ile mbele ya lango la kliniki, na Gachau aliyajua yote kwa mpangilio wake. Alifungua mdomo.

"Nimekusamehe," akasema.

"Asante," Wamboi akasema, na alimaanisha. Akafuta pua kwa upande wa mkono, akatazama barabara ya kurudi Ruiru. "Ile operesheni nitaenda. Hakuna tena cha kungoja, sasa tumejua ni mimi. Jumatatu utanipeleka?"

"Nitakupeleka."

Akamfungulia mlango wa lori, akamshika mkono apande, kwa sababu ngazi ile ilikuwa juu na kovu lake bado lilimsumbua.